BEI MLIYOKUBALIANA NI AMANA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Muislamu, dada Muislamu. Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekizima kabla ya kuingia msikitini, au alipaswa kukizima: simu. Hatusemi juu ya kelele yake. Tunasema juu ya makuta inayoyakula, na juu ya swali hili: umenunua kwa bei fulani, kisha kampuni ikapandisha bei kabla muda haujaisha. Una haki gani?

Kwanza tutenganishe mambo mawili, maana watu wanayachanganya. Kupanda kwa bei peke yake si dhuluma. Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei. Alikataa. Aliwaeleza kwamba mwenye kupanga bei ni Allah, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake pasipo mtu kumdai dhuluma ya damu wala ya mali. Basi ukinunua mega za mwezi huu kwa faranga 10 000, na mwezi ujao ukakuta zimekuwa 12 000, hujaonewa. Hiyo ni biashara mpya. Nunua, au acha, au nenda kwa kampuni nyingine.

Jambo la pili ndilo zito. Tarehe 1 umelipia siku 30. Tarehe 12 fungu lako limepunguzwa, au kila dakika inakata zaidi ya ulivyoambiwa. Hapo mkono umeingizwa ndani ya kitu ambacho tayari ni chako. Aya ya kwanza ya Suratul-Maida inawaamuru waumini kutimiza mikataba. Aya ya 29 ya Suratun-Nisaa inakataza kuliana mali kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Na kuridhiana ni kwa watu wawili. Mmoja akibadili peke yake, usiku, kwa mesaji ambayo mwenzake hajaisoma, ridhaa iko wapi?

Utasema: “Lakini Shehe, kuna maandishi madogo kwamba kampuni inaweza kubadili bei wakati wowote.” Ni kweli, Waislamu wanafungwa na masharti yao. Lakini si kila sharti. Katika kisa cha Barira, Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba sharti lisilokubalika katika Kitabu cha Allah ni batili, hata yakiwa masharti mia. Tena alikataza biashara ya gharar, ile ambayo mtu hajui anatoa nini na kupata nini. Wanazuoni wakasema bei sharti ijulikane siku ya kuuziana. Bei inayoweza kuwa yoyote, wakati wowote, inajulikana vipi?

Ndugu zetu walioko Uingereza wanalijua jambo hili kwa njia yao. Kule wengi hutia mkono mkataba wa simu wa miezi 24. Kampuni nyingi zilikuwa zinaandika kwamba katikati ya muda bei itapanda kufuata mfumuko wa bei na asilimia nyingine juu yake, kiasi ambacho hakuna aliyekijua siku ya kutia mkono. Ofcom, mamlaka ya kule, ilikataza hilo kwa mikataba mipya kuanzia tarehe 17 Januari 2025: ongezeko lolote liandikwe tangu mwanzo kwa pauni na peni, na lini litaanza. Na kampuni ikipandisha kwa namna isiyokubaliwa katika mkataba, mteja ana siku 30 za kujitoa bila faini. Wale si Waislamu, lakini tazameni walikofikia.

Kwetu Kongo wengi tunalipa kwanza ndipo tunaongea. Ndiyo maana RAM iliuma. Mwaka 2020 Leta ilianzisha daftari la simu, na kwa simu ya 3G au 4G ikadai dolari 7 kwa mwaka, ikikatwa ndani ya uniti. Mama anayeuza samaki anaweka uniti ampigie mteja wake, anakuta zimepungua. Haikuwa bei ya kampuni, tuseme haki, na sababu iliyotolewa ilikuwa kupambana na simu za wizi na za bandia. Lakini aliyekatwa hakuulizwa. Watu walilalamika, wabunge wakauliza, na mwaka 2022 ikaondolewa.

Basi usinung’unike barazani tu. Sheria yetu ya mikataba, ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 33, inayahesabu makubaliano halali kuwa sheria kwa waliokubaliana, na inataka yatekelezwe kwa nia njema. Usifute mesaji ya kampuni. Andika tarehe, saa, na uniti ulizokuwa nazo kabla na baada. Nenda kwenye biro ya kampuni, omba jibu la maandishi. Wakikataa, peleka barua ARPTC, mamlaka ya Leta inayosimamia posta na simu. Barua ya watu ishirini inasomwa haraka kuliko ya mmoja. Na usimtukane binti anayeuza uniti chini ya mwavuli pale barabarani. Si yeye aliyepandisha.

Sasa na sisi. Wewe unayeuza kadi ya faranga 500 kwa 550, umemwambia mnunuzi kabla, au baada ya kuikwangua? Na wewe mwenye nyumba, uliyepokea garanti na kodi ya miezi sita, kisha mwezi wa tatu ukaenda kumwambia mpangaji kwamba dolari imepanda: hiyo mesaji yako ina tofauti gani na ya kampuni? Kama umekwisha kuichukua nyongeza hiyo, mrudishie leo baada ya swala, maana mwenyewe huenda amesali safu moja na wewe.

Wabillahi tawfiq.

Karatasi hii ina jina la Allah. Usiitupe chini; ukimaliza, mpe jirani.