Mzigo Haujafika, Deni Bado Liko Dukani

Andiko: 2 Wafalme 4:1-7, Mithali 3:27-28

Leo tunaongea mambo ya duka. Najua kuna waliokuja wakitarajia somo la upako, na hilo tutalifikia siku yake, lakini tangu shule zifunguliwe nimeombwa maombi ya aina moja mara nyingi mno. Mchungaji, niombee, niliagiza kitu mtandaoni na mzigo wangu haujafika.

Mama mmoja wa kanisa hili amenipa ruhusa nieleze yake bila kumtaja. Aliagiza viatu vya shule vya kijana wake kwa simu kwa sababu bei ilikuwa chini ya ile ya duka la Litein kwa shilingi 350. Akaahidiwa siku tatu. Siku ya tano ujumbe ukasema mzigo uko njiani. Siku ya nane, bado uko njiani. Kijana akarudi shule na viatu vya kaka yake. Siku ya 12 mama akaitwa Kericho mjini akachukue, akapanda matatu, akafungua boksi: saizi 5. Kijana anavaa 8. Ile 350 iliishia kwa nauli.

Mnacheka, lakini wengine mnacheka mkijua na wenu uko njiani.

Sitasema kununua mtandaoni ni dhambi. Nisiwekewe maneno mdomoni. Fundi wetu wa cherehani hupata vipuri Nairobi ambavyo hapa ungetafuta mpaka uchoke. Kuna mshirika asiyeweza kutembea vizuri ambaye simu imemwokoa na safari nyingi. Kuna vijana wetu wanaouza nguo kwa WhatsApp, na wengine wanaobeba mizigo hiyo kwa bodaboda na kutoa fungu la kumi la hiyo kazi. Siwezi kupokea fungu lao huku nikiilaani kazi yao.

Tena mzigo kuchelewa si lazima kuwe na mchawi. Tuwe watu wa akili. Kitu kinachotoka China kinapanda meli mpaka Mombasa, kinafika ghala la Nairobi, kinapangwa, kinapanda gari la kupitia Narok au Nakuru, kinashushwa Bomet au Kericho, halafu ndipo mtu wa pikipiki anaanza kukupigia. Na wewe uko ndani ya chai, simu umeiacha nyumbani ikichaji. Akikupata, anauliza nyumba yako iko wapi, unamwambia apite kituo cha chai, akifika kwenye mikaratusi akate kushoto. Mikaratusi gani? Hii nchi yote ni mikaratusi! Mvua ikinyesha, hata huyo wa kushoto hafiki.

Ila ulinde pesa zako. Usitume pesa kwa nambari ya mtu binafsi usiyemjua kwa sababu tu amekuonyesha picha nzuri. Mahali ambapo unaweza kulipa baada ya kupokea, lipa baada ya kupokea. Ukikosea nambari kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe kwa 456 mara moja, usingoje kesho. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inakupa haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia ukipata hasara kwa sababu ya bidhaa mbovu. Kudai haki yako kwa adabu si kukosa wokovu.

Kuna wahubiri ambao hapa wangeingia Danieli 10, siku 21, kwamba jibu lako limezuiliwa njiani kama mzigo. Ni neno la kweli, lakini leo sipiti njia hiyo. Maombi ya Danieli hayakuwa na bei. Mimi nataka kuuliza kuhusu mzigo mwingine, ule ambao sisi ndio tumeuchelewesha.

Fanyeni hesabu ya chai pamoja nami. Jani unalopeleka kituoni mwezi wa Julai, kiwanda cha KTDA kinakulipa sehemu kwa kila kilo mwezi unaofuata. Kilichobaki, ile tunaita bonasi, kinangoja mwaka wa hesabu ufungwe tarehe 30 Juni, na huingia karibu Oktoba. Kwa hivyo jani la Julai mwaka jana linamaliza kulipwa Oktoba hii inayokuja. Hesabu kwa vidole. Miezi 15! Na ikija, kwa kawaida ya upande wetu huu wa magharibi ya Bonde la Ufa huwa ni ndogo kuliko ya wenzetu wa mashariki, hilo mnalijua na mmeliandamania. Ninyi wa mashamba makubwa mnangoja mwisho wa mwezi, na mashine za kuchuma zimewapunguzia siku za kazi.

Sasa niambieni, ni nani amekubeba hiyo miezi 15? Unga ulitoka wapi? Sukari? Sabuni? Ulienda dukani jioni mkono mtupu ukasema neno moja: niandikie. Na ukaandikiwa. Jaribu kuambia tovuti ikuandikie uone! Kukiwa na msiba kwenye kokwet, sukari ya kwanza ya chai ya waombolezaji hutoka kwa duka hilo hilo, na mara nyingi haiandikwi popote.

Mwenye duka mmoja alinionyesha kitabu chake cha madeni. Sitasema ni senta gani. Kurasa nne ni za watu wa kanisa hili. Wauzaji wa jumla wa mjini wamekataa kumwongezea bidhaa mpaka alipe, kwa hivyo rafu zimebaki na chumvi na viberiti. Kisha akaniambia jambo ambalo limenikosesha usingizi. Kijana wa bodaboda alisimama pale dukani kuuliza njia. Nyuma amefunga televisheni ya inchi 32, anatafuta nyumba ya mtu fulani. Huyo mtu yuko ukurasa wa pili wa kile kitabu, tangu Februari. Mwenye duka akatoka nje, akamwonyesha njia vizuri kabisa, akarudi ndani akakaa. Aliponieleza, hakuwa na hasira. Aliniuliza tu: Mchungaji, nifunge?

Mithali 3 inakataza kumwambia jirani aende arudi kesho, wakati kile anachodai unacho hapo karibu. Angalia neno jirani. Tunalalamika siku 12 za viatu, tunapiga simu kwa muuzaji asubuhi na jioni, na yule jirani tumemwambia kesho tangu Februari. Wengine siku hizi hamwendi stejini kwa njia ya barabara, mnashukia kule mtoni ili msionekane kutoka dukani. Deni limewapa njia mpya ya kwenda nyumbani.

Fungueni 2 Wafalme 4. Mjane wa mmoja wa wanafunzi wa manabii ana deni, na anayemdai anakuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha anamuuliza ana nini nyumbani. Ana mafuta kidogo tu. Anatumwa aazime vyombo kwa majirani, vitupu, tena visiwe vichache. Simameni hapo. Mungu angeweza kushusha vyombo kutoka mbinguni, lakini muujiza wote wa mama huyu ulimiminwa ndani ya vyombo vya majirani. Mafuta yalisimama pale vyombo vya jirani vilipoisha. Kama angekuwa amegombana na kijiji kizima, angejaza sufuria moja.

Halafu mafuta yakajaa, na hapa ndipo wengi tunapita haraka. Yule mama hakukimbia sokoni. Alirudi kwa mtu wa Mungu kuuliza afanye nini, na jibu likaja kwa mpangilio: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Mafuta ni ya muujiza, lakini deni limetangulia chakula cha nyumbani. Sisi tunaanza na televisheni, tunafuata na simu mpya, na kinachobaki, kama kinabaki, ndicho tunampelekea mwenye duka tukimwambia apunguze.

Wenye maduka, mbona mnapiga makofi? Bado sijamaliza. Mithali 11:1 inasema Bwana anachukia mizani ya udanganyifu. Kilo yako ni kilo? Mbona kitu kinapanda bei ile wiki bonasi inaingia, kisha kinashuka Desemba? Mbona mtu anayekopa anaandikiwa bei tofauti na anayelipa pesa taslimu, na hakuambiwa siku ile alipokopa? Wengine wetu tumekimbilia simu kwa sababu ukiuliza bei dukani unaangaliwa kwanza viatu. Na usimtangaze mdaiwa wako stejini. Mfuate nyumbani, wawili tu.

Bonasi haijaingia. Ndiyo sababu nasema leo na si Oktoba, kwa sababu pesa ikishaingia kwa simu haina masikio. Kabla ya Jumapili ijayo, nenda dukani mchana, kwa njia ya barabara, uombe uone ukurasa wako. Usiogope jumla. Kama huwezi kulipa yote, lipa sehemu, na mkubaliane tarehe mbele ya shahidi. Ile oda iliyo kwenye simu yako ingoje kidogo. Wewe umeshazoea kungoja.

Jumatano baada ya maombi ya mchana, wazee wawili na mama wa hazina watakaa ofisini hadi saa kumi. Aliye na deni linalomtia haya aje. Mwenye duka anayeshindwa kumdai mtu wanayekaa naye benchi moja hapa, aje pia na kitabu chake. Hakuna jina litakalosomwa madhabahuni. Ile senta ya kitabu cha kurasa nne, nimemwomba mwenyewe asifunge mpaka katikati ya Oktoba, na amekubali.