Aliyezima Taa Hakupiga Hodi

Taa ya mamangu ilizimika saa mbili usiku, akiwa katikati ya kuchambua nyanya za soko la kesho yake. Haikuwa betri, jua lilikuwa limewaka Kimana mchana kutwa. Ilizimwa. Kwa siku tatu alikuwa hajalipa zile shilingi 50 za kila siku, kwa sababu madalali walikuwa wameshusha bei ya kreti mpaka haikutosha hata kulipa wachumaji. Alimalizia kazi kwa tochi ya simu, kisha akanipigia: "Wamenizimia kutoka Nairobi."

Si uchawi. Fundi mmoja hapa Kitengela alinifungulia kisanduku kama hicho, kilichokufa. Ndani mna laini ya simu na modemu ndogo, inayoongea na ubongo wa kisanduku biti moja baada ya nyingine, kama siafu wakipita. Kompyuta iliyo mbali inatuma amri, taa inatii.

Sasa, kuna ubaya gani?

Maana kampuni ina hoja, na ni nzuri. Mamangu hana hati ya shamba wala mshahara wa mwezi. Benki gani ingemkopesha? Kampuni ilimkopesha kwa sababu tu ilijua inaweza kuzima. Kuzima ndiko dhamana yake. Ukiiondoa, wengi kama yeye watarudi kwa koroboi. Na alitia sahihi mwenyewe, hakulazimishwa.

Lakini mwenye duka pale senta pia humkopesha unga na sukari. Mama akichelewa kulipa, humnyima deni jipya, hata humsema mbele za watu. Hajawahi kuingia jikoni akaepua sufuria. Utaniambia taa bado ni mali ya kampuni mpaka deni liishe. Sawa. Hata nyumba ninayokodi ni ya landilodi, na bado hupiga hodi. Yule anayekuwekea kufuli ukiwa kazini tunajua tunamwitaje.

Cha kushangaza ni kwamba mashine zenyewe zilifundishwa hodi zamani. Kiwango cha RS-232, cha Marekani mwaka 1960, kilikuja kuwa na waya wa kuomba nafasi ya kutuma na mwingine wa kujibu: haya, tuma. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti haijafunguliwa kwa umma Kenya, mashirika ya Nairobi yalituma barua pepe kupitia FidoNet. Kompyuta ya Environment Liaison Centre International na ile ya GreenNet kule London zilipigiana kwa simu ya kawaida, zikabadilishana barua, zikakata. Kabla herufi ya kwanza haijapita, modemu zililia zile kelele zake zikitafuta kasi ambayo zote mbili zingeiweza. Yenye mbio ilishuka kwa ya polepole. Jina lenyewe, modemu, limeunganisha kazi mbili: kugeuza ujumbe uende na kuugeuza tena ukifika. Kusema na kusikia.

Kwa hiyo naona ubaya hauko kwenye umbali, wala kwenye kufuli. Uko hapa: laini iliyotengenezwa kwenda na kurudi inatumika kama ya upande mmoja. Kisanduku kinaripoti, kinapokea amri. Mamangu hana pa kusema, "bei imeanguka, ningojeni mpaka siku ya soko." Alipiga huduma kwa wateja, sauti iliyorekodiwa ikamwambia abonyeze moja. Sahihi ya siku ya kwanza ilikuwa ruhusa ya kumdai. Haikuwa ruhusa ya kutomsikiliza. Mtu wa kusikiliza ana gharama, najua, na huenda taa ingepanda bei. Basi tuulizwe kama tungelipa hiyo bei.

Usiku ule nililipa shilingi 150 kwa M-Pesa, taa ikawaka. Nilingoja shukrani. Mama akapiga simu, sauti kavu: mbona sikumuuliza? Alikuwa tayari amekopa kwa jirani, na jirani alikuwa mlangoni na pesa mkononi.

Sikuwa na la kumjibu. Na mimi nilikuwa nimeingia kwake kutoka mbali, bila hodi.