Upinde Uliobaki Baada ya Vita

Ndugu msomaji, yupo sahaba mmoja wa Mtume wetu (s.a.w.), Uqba bin Amir (r.a.), aliyepata kuwa gavana wa Misri katika zama za Muawiya, na aliyefariki mwaka wa 58 Hijria. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba alipokuwa mtu mzima aliyeingia uzeeni alikuwa akienda na kurudi baina ya shabaha mbili, anarusha mishale, anaifuata, kisha anarusha tena. Mtu mmoja akamwuliza vipi anajitaabisha hivyo naye ni mzee. Uqba akamjibu kuwa lau si neno alilolisikia kwa Mtume asingejitia katika taabu ile. Na maana ya neno lenyewe ni kwamba mwenye kujifunza kurusha mishale kisha akaacha, huyo si katika sisi, au ameasi.

Neno hili ni zito. Lilipotamkwa halikuwa na utata, kwani upinde ulikuwa ngome ya mji wa Madina. Lakini leo ni nani anayekwenda vitani na upinde na podo la mishale? Bunduki iliuondoa upinde, mzinga ukaiondoa ngome, na sasa ndege isiyo na rubani inamwua mtu ambaye mwuaji wake hajapata kumwona kwa macho. Basi swali linatukabili: sanaa iliyozaliwa na vita, vita vikishaipa mgongo, inayo haki gani ya kuendelea kuishi? Na ikiishi, iishi kama nini?

Hili si swali la kupitishia wakati. Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliuingiza upigaji upinde wa jadi wa Uturuki katika orodha yake ya urithi wa wanadamu, na vijana wengi wa Kiislamu wameanza tena kuushika upinde. Wanastahili kuambiwa wanashika nini.

Sababu ya hukumu

Wako wanaosema kwamba jambo hili limekwisha, na hoja yao si dhaifu. Wanavyuoni wa fiqhi wamepokea hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) isemayo kuwa hapana zawadi ya mashindano ila katika mishale, ngamia na farasi. Wakauliza: kwa nini vitatu hivi? Wengi wao wakajibu kuwa ni kwa sababu hivyo ndivyo vilivyokuwa zana za kuilinda dini na raia. Hiyo ndiyo illa, yaani sababu iliyoizaa hukumu. Na kanuni yao inajulikana, kwamba hukumu huizunguka illa yake. Illa ikiwapo hukumu ipo, na illa ikiondoka hukumu nayo huondoka.

Basi, wanasema hawa, upinde si zana tena. Aliyeamrishwa aandae nguvu na aandae nguvu za zama zake: elimu, viwanda, tiba, na silaha za leo kwa wale waliopewa dhamana ya kulinda nchi. Anayehangaika na upinde ni kama mtu anayepalilia shamba lililokwisha kuhamwa.

Historia yetu wenyewe inawapa ushahidi. Wamamluki waliotawala Misri na Sham walikuwa mabingwa wa farasi na upinde wasiokuwa na mfano. Katika karne ya 14 bwana mmoja miongoni mwao, Taybugha, alitunga kitabu kizima cha kufundisha upinde, namna ya kusimama, kushika, kuvuta na kuachia. Lakini bunduki ilipokuja, wapanda farasi hao waliiona kuwa ni silaha isiyomstahiki muungwana, wakawaachia watu wa daraja la chini. Mwaka 1516, katika uwanja wa Marj Dabiq karibu na Halab, walikutana na jeshi la Kiothmani lenye mizinga na bunduki, na Sultani wao Qansuh al-Ghawri akafa siku hiyo. Mwaka uliofuata Kairo nayo ikatekwa.

Kosa la watu hawa lilikuwa nini? Si kwamba waliupenda upinde. Kosa lao ni kwamba walidhani amri ilikuwa ya upinde, hali amri ilikuwa ya nguvu. Waliing'ang'ania zana wakaliacha lengo. Hilo ni kosa la kwanza, na kila anayeitetea sanaa ya kale hana budi kulikiri kabla hajasema neno jingine.

Waliojua kutenganisha

Lakini hebu tuwatazame Waothmani wenyewe walioshinda kwa bunduki. Sultani Muhammad wa Pili alipoufungua mji wa Istanbul mwaka 1453 alitenga uwanja nje ya kuta za mji kwa ajili ya wapiga upinde, uwanja unaoitwa Okmeydanı mpaka leo. Pakajengwa hapo nyumba yao, nayo waliiita tekke, jina lile lile la zawiya za masufi. Ajabu ni kwamba upinde ulipokuwa unaondoka katika majeshi, uwanjani hapa uliendelea. Wakashindana kurusha mishale mbali, na palipovunjwa rekodi kubwa wakasimamisha nguzo ya mawe.

Mwanafunzi hakuwa bingwa kwa kujisifu. Alitakiwa arushe mshale wa mbali gezi 900, yaani karibu mita 600, mbele ya mashahidi. Akifaulu, mwalimu alimkabidhi kishikio cha upinde mbele ya wakubwa wa uwanja, akamnong'oneza siri sikioni, na jina lake likaandikwa daftarini. Huo ndio uliokuwa ruhusa yake, mfano wa ijaza anayopewa mwanafunzi na shekhe wake. Na wakati wa kuachia mshale wapigaji walitamka, Ya Haqq, wakilitaja jina katika majina ya Mwenyezi Mungu, ili nafsi isije ikadhani kuwa nguvu ni zake.

Na mzingatie Sultani Mahmud wa Pili. Huyu ndiye aliyewavunja askari wa Janisari mwaka 1826 na kuunda jeshi jipya la bunduki. Mtu angetazamia kuwa yeye ndiye atakayeuzika upinde. Bali alijifunza upinde, akapata ruhusa yake kama wanafunzi wengine, na akamwamrisha Mustafa Kani aikusanye elimu ya wapiga upinde katika kitabu. Kwa mkono mmoja aliandaa nguvu za zama zake, na kwa mkono wa pili akaushika upinde, wala hakuona mgongano. Alijua kuwa bunduki ilikuwa kwa ajili ya adui, na upinde kwa ajili ya mtu mwenyewe anayeushika.

Baada ya kufa kwake mwaka 1839 sanaa ikafifia. Mwaka 1937 pakaundwa klabu ya kuihuisha mjini Istanbul, haikudumu. Viwanja vikamezwa na majumba, na nguzo nyingi zikapotea. Hilo ni kosa la pili, nalo ni kinyume cha lile la Wamamluki: wale waliishika zana wakapoteza lengo, na hawa walipoona zana imepitwa na wakati wakaitupa pamoja na malezi yaliyokuwa ndani yake.

Malezi yenyewe ni yapi?

Twende Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, chini ya Abdullah bin Jubayr (r.a.), akawaamrisha wasibanduke hapo, tukishinda au tukishindwa. Vita vilipoanza Waislamu walishinda. Wale wa kilimani walipoona ngawira chini, wengi wao wakashuka, na Abdullah akabaki na wachache mpaka akauawa. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo hajasilimu, akazunguka na wapanda farasi wake kwa upande ule ulioachwa wazi, na ushindi ukageuka msiba.

Jiulize, ndugu yangu, wapiga mishale wale walipungukiwa na nini? Si shabaha, si nguvu za mikono, si mishale. Walipungukiwa na subira ya saa moja. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo umma huu umefundishwa kuwa sehemu iliyo ngumu katika sanaa ya upinde si kurusha. Iliyo ngumu ni kukaa mahali ulipowekwa hali nafsi inakuvuta kwengine.

Na ukizitafuta hadithi zinazohusu silaha utaona kuwa nyingi ni za kuzuia. Anayepita msikitini au sokoni na mishale ameamrishwa azishike ncha zake asije akamkwaruza Mwislamu. Imekatazwa kumwelekezea ndugu yako silaha hata kwa mzaha. Ibn Umar (r.a.) alipowakuta vijana wamemfunga ndege na kumfanya shabaha aliwakemea, akawaambia kuwa Mtume amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Dini iliyomhimiza mtu ajifunze kurusha ndiyo hiyo hiyo iliyomfundisha kuzishika ncha.

Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, alitunga kitabu juu ya ubingwa wa farasi na silaha, na humo akaugawa ubingwa mafungu mawili: ubingwa wa elimu na hoja, na ubingwa wa kurusha na kuchoma. Kwa ajili hiyo yeye na mwalimu wake Ibn Taymiya waliona kuwa mashindano ya elimu nayo yanajuzu kupewa zawadi. Hapa pana ufunguo wa swali letu. Ikiwa illa ni zana peke yake, basi upinde umekwisha. Lakini ikiwa ndani ya amri mlikuwamo pia kumwandaa mtu atakayezishika zana, basi sehemu hiyo haijaondoka, na kwa silaha za leo haja yake imezidi. Aliyevuta upinde alihisi uzito wa alichotaka kukifanya katika mabega yake. Anayebonyeza kitufe hahisi kitu.

Hatari ya tatu

Basi mustakabali wa sanaa hii uko wapi? Mimi sihofii sana kwamba itakufa. Nahofia kwamba itaishi vibaya, na ziko njia mbili za kuishi vibaya.

Ya kwanza ni kuwa pambo: kanzu za kisultani, ngoma, picha, na watalii wakipiga makofi. Pambo si haramu, na Mtume aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, Bibi Aisha (r.a.) akiwatazama. Lakini Wahabeshi wale walikuwa wanajua walichokicheza. Sanaa ikibaki nguo tupu, kizazi cha pili kitaichoka. Hata sisi wa pwani tunalo la kujiuliza juu ya kirumbizi chetu, mchezo wa fimbo wa Lamu na Unguja: kijana anayeingia uwanjani leo anafundishwa namna ya kuuzuia mkono wake asimwumize mwenzake, au anafundishwa kupendeza tu?

Njia ya pili ni mbaya zaidi. Ni ya wale wanaoichukua aya ya 60 ya Suratul Anfal, inayoamrisha kuandaa nguvu, na ambayo Mtume aliifasiri juu ya mimbari kuwa nguvu ni kurusha, na Uqba yule yule ndiye aliyetupokelea. Wakaikata hapo, wakawasomea vijana wenye hasira kana kwamba imeteremshwa peke yake. Aya inayofuata, ya 61, inamwamrisha Mtume kwamba maadui wakielekea kwenye amani naye aielekee, na amtegemee Mwenyezi Mungu. Nguvu na amani zimewekwa bega kwa bega. Anayemfundisha kijana ya kwanza akamficha ya pili amempa mshale asimfundishe kushika ncha.

Kwa hiyo kila chama kinachouhuisha upinde, au fimbo, au mieleka, kipimwe kwa kipimo kimoja. Tusiulize kwanza kimepata vikombe vingapi, wala tusiulize mavazi yake ni ya karne ipi. Tuulize: mwalimu wake anaweza kumnyima mwanafunzi ruhusa kwa sababu ya tabia yake, hata kama shabaha yake haikosi? Ikiwa anaweza, sanaa hiyo ingali hai. Ikiwa hawezi, basi kilichobaki ni vijiti na kamba.

Hebu turejee kwa yule mzee. Uqba alikuwa ameshuhudia nchi zikifunguliwa, na amekwisha kutawala. Hakuna aliyemtazamia kwenda tena vitani kwa umri ule. Hata hivyo alitembea baina ya shabaha mbili, akirusha na kuokota, kwa sababu alikuwa na ahadi, na mtu haachi ahadi kwa kuwa amechoka au kwa kuwa zama zimebadilika. Kuacha alikokuogopa, kwa ninavyofahamu, ni kule kuacha kwa uvivu na dharau jambo ulilokwisha kuaminiwa nalo. Nasi tumeaminiwa. Upinde wetu unaweza kuwa upinde, na unaweza kuwa kalamu, ulimi au madaraka ya kazi. Kila kimoja katika hivi kinarusha kitu kisichorudi. Na aliyejifunza kurusha bado hajahitimu mpaka ajifunze kuzuia.

Mwenyezi Mungu atupe nguvu, na atupe adabu ya kuzibeba. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.