Fedha za Kalamu Zilizomezwa na Mashine

Mwaka 1880 sonara mmoja wa mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, alifika nyumbani kwa Samuel Clemens, yule ambaye dunia inamjua kwa jina la Mark Twain, akamkuta katika chumba chake cha kuchezea biliadi. Alikuja na habari moja: kuna fundi anaunda mashine ya kupanga herufi za chapa, na hisa zake zinauzwa. Twain akanunua za dola 2,000. Muda si mrefu akaongeza za 3,000. Kufikia mwaka 1894 mashine hiyo ilikuwa imemla kiasi cha dola 300,000, na urithi wa mkewe Olivia nao ulikuwa umechotwa humo humo.

Namwomba msomaji asifanye haraka kumwona mjinga. Kisa hiki kinaumiza kwa sababu Twain aliijua kazi ile kuliko matajiri wote wa Hartford. Baba yake alifariki mwaka 1847, yeye akiwa na miaka 11, na baada ya hapo akaingizwa katika uanagenzi wa kiwanda cha chapa mjini Hannibal, kando ya mto Mississippi. Alijua mpangaji anavyosimama siku nzima mbele ya kasha lenye vijumba, akiokota herufi moja moja ya risasi, akizipanga mstari kwa mstari, akichomeka vipande vya kuachia nafasi mpaka ukingo wa kulia unyooke. Ukurasa ukishachapwa, kila herufi inarudishwa kwa mkono kijumbani mwake, kisha kazi inaanza upya. Mtu aliyeifanya kazi hiyo utotoni, akaja kuambiwa kuna chuma kitakachoifanya yote, atakosaje kutetemeka?

Fundi mwenyewe aliitwa James Paige. Alikuwa na kipaji cha kweli, na ulimi mtamu. Twain alikiri baadaye kwamba akikaa na Paige alijikuta anamwamini, hata kama alikuwa ameapa asimwamini tena. Mwaka 1886 Twain akatia saini mkataba wa kuibeba gharama ya kazi, na kuna wakati alikuwa akitoa kama dola 3,000 kila mwezi. Hesabu hiyo itazame vizuri: huyu hakuwa mwenye benki wala mwenye reli. Alikuwa mtu anayeishi kwa vitabu na kwa kusimama jukwaani.

Januari 1889 mashine ilifanya kazi mbele ya macho yake. Ilipanga mstari na kuunyoosha yenyewe, na Twain, kwa furaha, akamwandikia kaka yake Orion siku hiyo hiyo kwamba jambo hilo halijapata kutokea tangu dunia iumbwe. Nadhani hiyo ndiyo siku iliyomwangamiza. Mashine ingeshindwa kabisa, huenda angeondoka. Lakini aliiona ikienda, na tangu hapo kila ilipoharibika aliona ni suala la wiki chache. Paige naye hakuwa mtu wa kuridhika. Kila ilipokaribia kukamilika aligundua kitu cha kuboresha, akaifumua tena. Vipande vyake vilifika kama 18,000.

Wakati huo Mjerumani mhamiaji, Ottmar Mergenthaler, fundi aliyefunzwa kutengeneza saa, alikwisha kuifikia shabaha kwa njia nyingine. Paige alitaka chuma kiige mkono wa mtu: kiokote herufi, kiipange, kiirudishe. Mergenthaler hakuhangaika na kuokota wala kurudisha. Mashine yake ya Linotype iliyeyusha risasi na kuumimina mstari mzima kwa mkupuo, na mstari ukishatumika, risasi inayeyushwa tena. Ilianza kazi katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886. Kwa hiyo zaidi ya miaka miwili kabla Twain hajamwandikia Orion kwa shangwe, mshindani alikuwa tayari katika chumba cha chapa, anatoa magazeti. Swali lililompasa Twain halikuwa kama mashine ya Paige ni nzuri. Ilikuwa nzuri. Swali lilikuwa ni nani anaitaka, itakuwa tayari lini, na mimi nitaacha kutoa fedha nikifika wapi. Kikomo hicho hakukiweka.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba onyo alikwisha kuliandika mwenyewe. Baba yake alikufa akiwaachia wanawe ardhi kubwa ya Tennessee, akiamini itawatajirisha, na familia ikaishi miaka mingi ikingojea utajiri usiokuja. Kutokana na habari hiyo Twain, akishirikiana na Charles Dudley Warner, alitoa mwaka 1873 riwaya ya The Gilded Age, na ndani yake yumo Kanali Sellers, mtu wa mipango mikubwa ambaye mamilioni yake yako kesho daima. Wasomaji walimcheka Sellers. Miaka saba baadaye mwandishi wake akanunua hisa za Paige. Kweli mganga hajigangi.

Shirika lake la uchapishaji, Charles L. Webster and Company, lingeweza kumwokoa. Lilitoa kumbukumbu za Jenerali Ulysses Grant, na mwaka 1886 mjane wa Grant alipokea hundi ya dola 200,000. Lakini vitabu vilivyofuata havikuuzwa hivyo, na tajiri wa shirika alikuwa na mashine ya kulisha. Aprili 1894 likafilisika. Mwishoni mwa mwaka huo mashine ya Paige ilijaribiwa katika gazeti moja la Chicago, ikawa inasimama kila mara. Habari zilimfikia Twain akiwa Paris.

Henry Rogers, tajiri wa mafuta, alimsaidia kupanga mambo yake na kuhakikisha haki za vitabu zinabaki mikononi mwa Olivia. Sheria isingemlazimisha Twain kulipa kila senti, lakini yeye na mkewe waliamua kulipa yote. Julai 1895, karibu na umri wa miaka 60, akaondoka kwenda kuhutubia watu Australia, New Zealand, India na Afrika Kusini, mara nyingine akiugua. Olivia na binti yao Clara walifuatana naye. Susy, binti mkubwa, alibaki Marekani.

Agosti 1896, ziara imekwisha, Twain alikuwa Uingereza akimngojea Susy aje waungane. Susy alikufa kwa homa ya uti wa mgongo katika nyumba ya Hartford, akiwa na miaka 24. Mama yake alikuwa baharini akimkimbilia. Baba yake alipata taarifa kwa simu ya maandishi.

Deni lilimalizika mwaka 1898. Familia haikurudi kuishi Hartford, na nyumba iliuzwa mwaka 1903. Leo ni makumbusho, na mashine pekee ya Paige iliyosalia inaonyeshwa hapo.