Mbegu iliyobadilishwa: je, ni kugeuza maumbile ya Allah?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Ndugu Muislamu, umesikia kwamba wataalamu wanabadilisha mimea ya mafuta, kama soya na kanola. Wengine wanasema ni haramu, wakitaja Suratun-Nisaa aya ya 119, ambapo shetani anaapa kuwaamrisha watu wageuze maumbile ya Allah. Tuelewe kwanza, ndipo tuhukumu.

Udongoni kuna bakteria anayeingia kwenye jeraha la mmea na kupachika humo chembe zake za urithi, mmea ukaota uvimbe. Mwaka 1983 wataalamu wa Ubelgiji na Marekani walionyesha kwamba ukiondoa zile chembe za uvimbe na kuweka nyingine unazotaka, bakteria atazibeba vilevile. Na mwaka 2015 ilijulikana kwamba viazi vitamu tunavyokula vina chembe za bakteria wa jamii hiyo tangu zamani, bila mkono wa mtaalamu. Basi njia hiyo aliiumba Allah mwenyewe. Na Mtume (S.A.W.), katika habari ya kuchavusha mitende ya Madina, aliwaachia watu ujuzi wa mambo ya dunia yao. Kumharamishia mwenye njaa kitu ambacho Allah hakukiharamisha nako ni kosa.

Lakini njia kuwa halali hakuhalalishi dhuluma. Huko Kanada, mkulima Percy Schmeiser alipata kanola ya namna hiyo shambani kwake, akasema upepo ndio ulioileta. Aliweka mbegu yake, akaipanda mwaka 1998. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu, majaji 5 dhidi ya 4, ilisema amevunja haki ya kampuni ya Monsanto, ingawa haikumtoza fidia.

Sasa mfikirie mama wa hapa Mudzipela anayechambua karanga na kuficha zilizo bora kwa msimu ujao. Siku akiambiwa akiba ile si yake, atapanda nini?

Kwa hiyo ukiletewa mbegu mpya, hata ya bure, uliza mambo matatu: Imepimwa, haidhuru? Naweza kuiweka na kuipanda tena? Anayeileta ameniambia ukweli wote? Ukijibiwa wazi, pokea na umshukuru Allah. Usipojibiwa, subiri. Na kwa hali yoyote usimalize mbegu ya wazee wako: ni amana, na watoto wako wana haki ndani yake.

Allah atupe elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.