Hatia ya Aliyefunzwa

Mwaka 1965 Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaonyesha watoto wadogo filamu ya mtu mzima akimpiga mwanasesere aliyejazwa upepo. Kundi moja liliona mpigaji akisifiwa na kuzawadiwa, jingine likaona akikaripiwa na kuchapwa, la tatu halikuona lolote likimpata. Walioona adhabu walimwiga mara chache kuliko wengine. Tungeishia hapo, tungesema fimbo imefundisha. Lakini Bandura aliwaahidi watoto wote zawadi kwa kila tendo watakaloliigiza, na tofauti kati ya makundi ikafutika. Wote walikuwa wamejifunza. Adhabu ilizuia mikono tu. Somo lenyewe halikuguswa.

Jambo hili linanisumbua, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba anayeadhibiwa amefunzwa adabu.

Kuhusu uhalifu pia, swali ni unatoka wapi. Cesare Lombroso, daktari wa Italia, mwaka 1876 alidai kuna watu wanaozaliwa wahalifu na umbo lao huwasaliti. Edwin Sutherland, mwanasosholojia wa Marekani, alilipinga wazo hilo: uhalifu hufunzwa, hasa na watu wa karibu. Mwanafunzi hapokei mbinu za kuvunja kufuli pekee. Hupokea pia sababu za kujitetea mbele ya nafsi yake. Ndiyo maana Sutherland aliweza kuzichunguza kampuni kubwa 70 za Marekani, katika kitabu alichotoa mwaka 1949, akaonyesha kwamba umaskini hautoshi kueleza uhalifu. Karani mpya anayeambiwa na wakubwa wake kwamba hapa kila mtu hufanya hivi amekaa darasani, hata kama amevaa tai.

Je, aliyefunzwa ana hatia? Nyumba moja hutoa mwizi na mwalimu, na nadharia hizi hutaabika kulieleza hilo. Naamini jibu limo kwa watoto wa Bandura: walijua kupiga, lakini walipima lini waonyeshe. Anayeweza kupima anaweza kuulizwa. Ila swali haliwezi kuishia kwake, kwa sababu waliomsifu nao walishiriki.

Na serikali nayo iulizwe. Jela inayomlaza kijana wa kosa la kwanza chumba kimoja na majambazi wazoefu imempa walimu, ukaribu na muda mrefu wa kujifunza. Kisha humfungulia mlango, na nje wanaomngoja kwa sifa ni wale wale.