Upasuaji wa Hiari na Amana ya Mwili

Mgonjwa anayekimbizwa hospitali kwa sababu utumbo umejisokota hana nafasi ya kujiandaa, na hakuna dini inayomlaumu kwa hilo. Anayekwenda kunyonywa mafuta ya tumbo au mapaja hakimbizwi na chochote. Operesheni yake inaweza kungoja miezi sita, au isifanyike kabisa na afya yake isipungue: mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba wanawake wanene walioondolewa takriban kilo 10 za mafuta kwa njia hii hawakupata nafuu yoyote ya sukari wala shinikizo la damu wiki 10 hadi 12 baadaye. Kama ni halali kuurekebisha mwili kwa ajili ya urembo tu, wanazuoni wamelijadili hilo sana, na wengi wamekataza. Ninachouliza mimi ni kingine: aliyekwisha kuamua anadaiwa nini na mwili aliopewa kwa amana? Naona anadaiwa zaidi ya mgonjwa, maana muda anao.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Mrija butu wa Yves-Gérard Illouz wa Ufaransa, na baadaye maji ya ganzi iliyozimuliwa aliyoyabuni Jeffrey Klein wa California mwaka 1985, vilipunguza mno umwagaji wa damu. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2000 uliowahoji madaktari wa Marekani ulihesabu vifo 95 katika operesheni 496,245, na karibu robo yake vilitokana na damu iliyoganda ikaenda kuziba mapafu. Wengi wa watu hawa waliingia wakitembea kwa miguu yao. Sehemu ya hatari hiyo inaweza kupunguzwa mapema: kuacha sigara na shisha angalau wiki nne kabla, kwa kuwa nikotini huibana mishipa inayolisha ngozi, kupima wingi wa damu, kusimamisha aspirini kwa ushauri wa daktari, kumtafuta mtu mzima wa kulala naye nyumbani usiku wa kwanza.

Lakini maandalizi yaliyo magumu kuliko yote ni kusema kweli. Kwetu stara ni fadhila, na wengi wanaopunguza mwili hufanya hivyo kwa siri, hata mume au dada asijue. Siri hiyo ikivuka mlango wa chumba cha daktari inageuka kuwa hatari. Chukua sindano za kupunguza uzito zinazotumika siku hizi. Huchelewesha chakula tumboni, hivyo mtu anaweza kufunga tangu usiku na bado akaingia kwenye usingizi wa dawa akiwa na chakula tumboni, kikapanda na kuingia mapafuni. Daktari wa usingizi aliyeambiwa atajua la kufanya; aliyefichwa atahesabu saa za kufunga na kuridhika. Vivyo hivyo vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, ambavyo huongeza uwezekano wa damu kuganda. Stara iliwekwa kumlinda mtu dhidi ya fedheha, na daktari ameapa kutunza siri. Kumficha yeye hakulindi chochote.

Atasema mtu: ajali ni ya Mungu, haisogei. Ni kweli, lakini Mtume aliyefundisha tawakali ndiye aliyemwambia mwenye ngamia amfunge kwanza. Mwingine atasema kwamba kama kitendo chenyewe kina walakini, kukiandalia vizuri ni kulipamba kosa. Pingamizi hili lina uzito, ila linasahau kwamba Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitaja nafsi miongoni mwa mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda. Wajibu huo haufutwi na uchaguzi mbaya. Aliyekosea kuchagua bado ana roho ya kulinda, na watoto wanaomsubiri. Isitoshe, muda wa kujiandaa ndio muda pekee ambao mtu anaweza kughairi bila kupoteza kitu. Kliniki inayotangaza punguzo la bei kwa atakayelipa leo na kulazwa kesho inamnyang'anya mteja wake muda huo: wiki za kuacha sigara, siku ya kungoja majibu ya damu, na usiku wa kufikiri upya.